Suruali Niliyoipunguza Mara Nne

Mke wangu alifia Usagara ya huku Usukumani, kwa wazazi wake, alikokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwao, mimba ya kwanza mwanamke akajifungulie kwa mama yake. Nilimfikisha, nikamkabidhi kwa baba yake, nikarudi Mwanza kushona. Wiki ya tatu akaja mtu na habari kwamba mama na mtoto wote wawili hawapo tena. Nikapata nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, na nilipofika walikuwa wamekwisha kuchimba. Nilitupa udongo pale nilipoelekezwa kuutupa. Kesho yake nikapanda lori jingine nikarudi mjini, kwa sababu nilikuwa na kaptula za shule ambazo hazijakamilika.

Sikulia. Watu walisema ni uanaume. Mimi sikuona kuwa ni uanaume wala ni kitu kingine chochote.

Nilikuwa fundi cherehani. Nilishonea kwenye baraza ya duka moja la nguo karibu na soko, na mwenye duka alikuwa Mhindi wa dini ya Kihindu, ambaye baba yake alifika Mwanza enzi za Mjerumani. Yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini, akazungumza Kiswahili kama sisi, na Kisukuma cha kuuzia nguo. Tuliomfanyia kazi tulimwita tajiri.

Baada ya msiba nyumbani kwangu hapakuwa na mtu wa kupika, nami sikuwa na nia ya kuwasha moto. Nikahamia mgahawani. Asubuhi nilikunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi na maandazi manne. Saa nne nilikula sambusa. Mchana wali, nyama na mchuzi unaoelea mafuta, jioni wali tena au ugali na samaki wa kukaanga, na kabla ya kulala kikombe kingine cha chai na chochote kilichobaki kabatini mwa mwenye mgahawa. Sikula kwa njaa, wala sikuwa nasikia utamu. Mkono ulipokuwa unakwenda mdomoni nilikuwa na kitu cha kufanya, na kitu hicho hakikuhitaji mawazo.

Basi nikanenepa. Miaka ile unene ulikuwa sifa, na watu walinipongeza njiani. "Fundi, umenawiri! Mjini kumekupenda!" Niliwashukuru. Mwaka ukapita hivyo. Nikasogeza kiti nyuma ili tumbo lisiguse meza ya cherehani, halafu mikono ikawa haifiki vizuri kwenye sindano, nikakisogeza tena mbele na kuliacha tumbo liguse. Vifundo vya miguu vikavimba. Ngazi tatu za baraza nilizipanda moja moja, nikipumzika kwenye kila moja kama mtu anayeangalia barabara.

Siku moja akaja karani wa bomani anataka suruali. Nilimpima kiuno, nikapiga magoti nimpime urefu wa mguu. Nikauona urefu, nikaukariri, kisha nikataka kuinuka. Magoti yakakataa. Nikashika meza, meza ikasogea. Nikabaki pale chini na futi mkononi, mbele ya viatu vya karani, mpaka yeye mwenyewe akaniingiza mikono kwapani akaninyanyua, huku anahema. Aliona aibu kuliko mimi. Mimi nilimwambia, "Inchi thelathini na moja, bwana," nikaandika.

Tajiri aliyaona yote akiwa ndani ya duka. Karani alipoondoka, akatoka.

"Fundi, una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili, tajiri."

"Mimi hamsini na minane. Na mimi ninainuka."

Akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akaniambia habari zake. Wiki ile alikuwa amegundua sisimizi wanapanga mstari chooni kwake kufuata mkojo wake. Alikwenda kwa daktari, na daktari alimwambia ana kisukari. Aache sukari na vitu vitamu. Apunguze wali, samli na vyakula vya kukaanga. Ale mboga nyingi, ale kidogo, ale saa zile zile kila siku. Na kila asubuhi atembee, kwanza mwendo mfupi, kisha aongeze taratibu.

"Nyumbani kwangu wote wanakula peremende mbele yangu," akasema. "Nikitembea peke yangu, siku ya tatu nitaacha, najijua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa. Tutatembea."

"Kwenda wapi, tajiri?"

"Mbele. Halafu tunarudi. Na chai ya hapa dukani kuanzia kesho haina sukari, yangu na yako."

Watu wengine wakisimulia mambo kama haya husema walijiamulia. Mimi sikuamua. Tajiri alisema, nikafanya. Kama angeniagiza nile mara mbili ya nilivyokuwa ninakula, nadhani ningekula.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda hadi stesheni ya reli. Si mbali, lakini nilisimama mara tatu. Tajiri alitangulia na mwavuli wake, mimi nikafuata nyuma hatua kumi, na kila niliposimama naye alisimama, akitazama ziwa bila kugeuka. Tuliporudi shati langu lilikuwa limelowa hadi pindoni. Nikakaa kwenye cherehani, mapaja yanatetemeka, nikanywa ile chai chungu.

Nikarudi kupika nyumbani, kwa kuwa mgahawani hapakuwa na chakula ambacho daktari wa tajiri angekiruhusu. Nilinunua chungu kidogo makusudi. Ugali wa mtama wa ukubwa wa ngumi mbili, sato wa kuchemsha na nyanya, na mlenda au majani ya kunde ya kujaza nusu ya sahani. Saa nne badala ya sambusa nilitafuna vipande viwili vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, au kipande cha papai. Jioni nilikula mapema, nikaosha chungu, nikalala. Wiki za kwanza tumbo lilinguruma usiku, nami nililisikiliza kama mtu anayesikia mbwa wa jirani.

Tajiri alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Jana umekula nini?" Nilimtajia. Yeye akanitajia vyake, dengu, chapati mbili zisizo na samli, bilinganya. Siku aliyokula peremende alikiri bila kuulizwa, akatembea haraka zaidi.

Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu. Nilijipima kwa futi kama ninavyompima mteja. Inchi arobaini na sita, kama mwanzo. Mwezi wa pili ilipungua inchi moja, nikadhani nimekosea kupima. Mwezi wa nne suruali ilianza kunishuka nikitembea, nikaipunguza kiunoni, kwa nyuma, kwenye mshono wa katikati. Ilikuwa suruali yangu ya kaki, ile ile ya kazi. Niliifanya kazi hiyo katikati ya suruali za watu wengine, na nilipomaliza nikaivaa nikaendelea.

Tulikuwa sasa tunafika Mkuyuni. Maneno yalikuwa yameanza. Wahindi wenzake walimtania tajiri kwamba ameajiri askari wa kumlinda. Wenzangu walisema natembezwa kama ng'ombe wa maziwa. Sikuudhika, wala yeye sidhani kama aliudhika. Lakini asubuhi moja alisimama akanisubiri nimfikie, akasema, "Nikizungumza huku uko nyuma, shingo inaniuma." Tangu siku hiyo tulitembea sambamba. Alipenda kuzungumzia bei ya kitambaa cha marekani na ukorofi wa wakwe zake. Mimi nilisema "ndiyo, tajiri" na "kumbe." Pembeni yetu kulikuwa na mawe makubwa yaliyobebana, na ziwa, na wanawake wanaoshuka na mitungi, na wote walitusalimu "Mwangaluka," nasi tukaitikia. Hayo nayajua kwa sababu hayakosi pale. Siwezi kusema kwamba wakati ule niliyatazama.

Mwezi wa nane nilivuka kwenda kumwona mama yangu upande wa Sengerema. Mwaka uliotangulia, mwenye mtumbwi alikuwa amenikataza kukaa pembeni, akanipanga katikati pamoja na magunia. Safari hii nilikaa nilipotaka. Niliyahesabu hayo kuwa maendeleo, lakini mama alipotoka uani na kuniona, alitupa ungo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinishika mashavu, akanishika mikono, akainua shati langu mbele ya majirani.

"Nani anakula nyama yako?" akauliza. "Niambie tu. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ninatembea. Na chakula nimepunguza."

"Mtu mzima anapunguza chakula? Kwani una kesi gani?"

Nikamweleza kuhusu magoti, na karani, na ngazi tatu za baraza. Alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye kola yangu iliyopwaya. Jioni alinipikia kuku mzima na ugali wa watu watatu. Nikala kadiri yangu, nikasukuma sahani. Akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia analia kule, kilio cha taratibu, cha mtu anayejizuia. Nikakaa palepale kwenye mkeka. Nilijua kuwa mtoto mwema angeinuka aende. Nikawa naangalia mifupa ya kuku.

Asubuhi kabla sijaondoka alinitazama nikipanda kilima cha nyuma ya nyumba na kuteremka na kuni zake, bila kusimama. Akasema, "Haya. Kama ni ugonjwa, basi ni ugonjwa wenye nguvu." Akaitikia salamu yangu ya jana, "Marahaba," akacheka kidogo, akanifungia karanga ambazo nilizigawa kwenye mtumbwi.

Suruali niliipunguza mara ya pili, kisha ya tatu. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na tisa. Matembezi yakafika Butimba, na Jumapili duka lilipofungwa tulikwenda hadi karibu na Nyegezi. Ilikuwa Jumapili mojawapo, tumekaa kwenye jiwe tunapumzika, tajiri akaniuliza jambo ambalo kwa mwaka na miezi hakuwahi kuliuliza.

"Mkeo alizikwa wapi?"

"Usagara, kwa wazazi wake."

"Usagara ndiyo iko upande gani?"

Nikanyoosha mkono kule tulikokuwa tunaelekea. "Huko mbele. Ni barabara hii hii."

Akaangalia barabara.

"Umewahi kurudi?"

"Hapana. Waliniita nikaondoe matanga. Sikwenda."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu, nikaikosa. Mwanzoni ni kazi, baadaye ni magoti, lakini malori yalikuwepo siku zote. "Sijui, tajiri," nikasema. Alikunja mwavuli, tukageuka kurudi. Tulipokaribia mjini ndipo aliposema, "Jumamosi ijayo usije kazini. Jumatatu pia usije."

Nilitoka alfajiri ya Jumamosi na kipande cha kitenge kwa mama mkwe na sukari kwa baba mkwe. Kupita Nyegezi nilikuwa peke yangu katika barabara nisiyoizoea kwa miguu. Nilitembea mwendo wangu, si wa haraka wala si wa kujivuta. Nilipumzika Buhongwa, nikanywa maji, nikala michembe. Jua lilipokuwa utosini nilikuwa Usagara. Ni maili kumi na kitu. Mwaka mmoja na nusu nyuma nilikuwa nimeshindwa kuinuka toka miguuni pa karani.

Baba mkwe alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mgeni, hadi niliposema shikamoo. Sauti ndiyo iliyonitambulisha.

"Marahaba. Tuliambiwa umekuwa mnene kama Mzungu wa pamba."

"Nilikuwa, baba."

"Tulikungoja kwenye matanga."

"Najua, baba."

"Tulisema, labda anatulaumu. Labda anasema tumemwulia mke."

Jambo hilo halikuwahi kunipita akilini. Nikamwambia hivyo, kwamba sikumlaumu mtu, kwamba sikuwaza kitu chochote, nilikuwa nakula tu. Alichonga mpini kidogo. Kisha akaniongoza hadi kaburini, nyuma ya boma, karibu na ua wa minyaa. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri, makubwa na, pembeni yake, madogo. Mtu alikuwa anapafyeka. Nilisimama pale. Nilikuwa nimengoja maili kumi na kitu nione nitahisi nini, nikahisi miguu inawaka moto ndani ya viatu. Baada ya muda baba mkwe akasema, "Twende, jua kali," nikamfuata.

Chakula kikaletwa, ugali wa mtama mlima mzima, maziwa ya mgando, mlenda, na nyama iliyochinjwa kwa ajili yangu. Nikanawa. Nikala ngumi mbili, kama nilivyozoea, nikashukuru. Baba mkwe akaacha kutafuna.

"Chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu, baba. Ni kizuri. Ni daktari tu..."

"Katika nyumba hii alikufa mtu wako. Na sasa hutaki kula ndani yake."

Kabla sijajibu, ikasikika sauti nyuma ya ukuta. Alikuwa mama mkwe. Kwa heshima ya kwao mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso, kwa hiyo tangu nifike sikuwa nimemwona, hata kivuli.

"Mwache mtoto," ilisema ile sauti. "Ametembea toka Mwanza. Mwambie ale anachoweza, kingine atakula kesho."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Simaanishi kwamba ilifanana. Ilikuwa ileile, ya chini kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa maneno kama mtu aliyetoka kuamka. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Uso nilikuwa nao, nguo nilikuwa nazo ndani ya sanduku, lakini sauti ilikuwa imeondoka bila mimi kujua kuwa imeondoka. Nikashika kigoda nilichokalia kwa mikono yote miwili, wa kulia bado una ugali. Baba mkwe aliniona. Nami nikavuta sahani, nikala. Nilikula nyama yote, nikamaliza maziwa, nikala ule ugali mpaka nikaufikia upande wa pili. Tumbo liliuma hadi jioni. Sijuti.

Nililala huko siku mbili. Kila nilipoweza nilikaa karibu na ukuta wa jikoni, nikijifanya ninapumzika kivulini, nikimsikia akiwaamrisha watu kuhusu kuku na maji. Jumatatu nikarudi kwa miguu.

Watu huniuliza kama hapo ndipo huzuni iliponitoka. Haikutoka. Jumanne nilikuwa kwenye cherehani, na vitu vilikuwa vile vile, mbali kidogo, kama unavyovisikia ukiwa na pamba masikioni. Nilipunguza suruali mara ya nne. Mara ya tano haikuwezekana, maana mifuko ya nyuma ilikuwa imekaribiana hadi ikabaki nafasi ya vidole viwili, nikaitupa, nikajishonea mpya ya inchi thelathini na nne. Hapo mwili ukasimama, na hapo umebaki.

Tajiri naye alipungua, lakini kisukari hakikumwacha. Mwaka uliofuata kiatu kipya kilimchubua kidole, kidonda kikakataa kupona, daktari akamkataza kutembea. Asubuhi ya kwanza ya katazo hilo nilimkuta kwenye baraza ya duka, mguu juu ya benchi.

"Nenda peke yako," akasema.

Nikaenda. Nilidhani ninakwenda kwa sababu nimeagizwa. Niliporudi alikuwa palepale, na chai zetu mbili zisizo na sukari.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, tajiri."

"Umetoka hapa hadi Butimba, umerudi, hujaona kitu? Mimi nimekaa hapa naangalia ukuta. Kesho uone kitu."

Kesho yake nililazimika kuangalia. Nilimwambia kwamba Mkuyuni wanawake wawili walikuwa wanagombea jiwe la kufulia, na mmoja alilikalia ili mwenzake asilipate. Alitaka kujua nani alishinda, sikujua, akakasirika. Siku iliyofuata nilisimama mpaka mwisho wa ugomvi mwingine ili niweze kumweleza. Nilianza kupita njia tofauti. Nilikwenda Kirumba asubuhi moja, mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, nikaangalia furu, wale samaki wadogo, wanavyopangwa juani, nikauliza majina ya samaki ambao sikuwajua, nikayakariri njiani wakati wa kurudi.

"Leo nimemwona kiboko," nilimwambia siku moja. "Ametoka majini kabisa. Alikuwa anakula majani ya viazi shambani kwa mtu, na mwenye shamba amesimama mbali anamtukana."

"Anamtukana kwa Kisukuma au Kikerewe?"

"Kwa Kikerewe, tajiri."

"Anasema nini?"

Nikamwambia yale matusi, yote, kwa mpangilio. Alicheka mpaka mguu wake mgonjwa ukaanguka toka kwenye benchi, akalia kwa maumivu huku bado anacheka, na mimi nilipoinama kuunyanyua nikasikia kuna mtu mwingine naye anacheka, karibu sana, kabla sijajua kuwa ni mimi.